Umefanya kazi kwenye vumbi la mawe? Mambo ya kuzingatia kabla ya kupiga picha ya kifua

Kama umeshika mashine ya kuchoronga Mererani, au umeponda kokoto miaka na miaka, na sasa umeandikiwa picha ya kifua Arusha mjini au Moshi, jiandae kabla hujatoka nyumbani. Usahihi wa majibu utategemea sana kile unachokwenda nacho.

La kwanza, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote, ni historia ya kazi. Iandike kwenye karatasi: ulianza mwaka gani, uliacha lini, shimoni ulikuwa unafanya nini hasa. Wanaapolo (wachimbaji wa Mererani) wengi wakiulizwa kazi hujibu "biashara" au "mkulima", kwa kuwa ndiyo shughuli yao ya sasa. Daktari akisikia hivyo, akaona vidoa sehemu za juu za mapafu, atafikiria TB kwanza, na hana kosa: TB na silikosisi (ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi la mawe) zote hupenda kukaa huko juu. Kwa hiyo eleza kama mlichoronga kwa maji au pakavu, na kama mlikuwa mnarudi chini vumbi la baruti halijatulia. Sema pia ulijikinga na nini. Kitambaa cha kufunga puani hakizuii chembe ndogo za silika, madini yaliyomo kwenye vumbi la mawe yanayoleta silikosisi. Usiache kazi ya zamani ukidhani imepitwa na wakati. Silikosisi mara nyingi hujitokeza baada ya miaka 10 au zaidi, tena huweza kuendelea hata kama ulishaacha shimo.

Beba picha zote za zamani na kadi ya matibabu ya TB kama uliwahi kutibiwa. Kovu lililokuwepo miaka mitano iliyopita likiwa vilevile lina maana tofauti na doa jipya, na bila picha ya kulinganisha hakuna wa kujua.

Siku yenyewe vua cheni na nguo yenye vifungo vya chuma. Ukiambiwa vuta pumzi, vuta mpaka mwisho na uishikilie. Ukivuta nusu, mapafu huonekana meupe kuliko yalivyo na msomaji anaweza kudanganyika.

Hata picha nzuri ina mipaka yake. Shirika la Kazi Duniani (ILO) lina seti ya picha za mfano ambazo msomaji hulinganisha na yako, kisha anaipa daraja la wingi wa vidoa katika ngazi 12, kuanzia 0/- hadi 3/+. Akiandika 1/0, maana yake ameiweka daraja la 1 lakini alifikiria kwa uzito kwamba huenda ni 0. Kwenye ngazi hizo za chini ndipo wasomaji wawili wazoefu hutofautiana kwa picha ileile. Marekani ina mtihani maalumu kwa madaktari wanaosoma picha hizi, na unarudiwa baada ya miaka kadhaa. Basi usione haya kuomba picha yako isomwe na daktari wa pili, hasa ukiambiwa "ni kawaida" huku ukipanda kilima kidogo unahema. Picha ya kawaida haiondoi ugonjwa. CT skani huona vinundu ambavyo eksirei haivioni, ingawa gharama na mionzi yake ni zaidi, na kipimo cha kupuliza huonyesha mapafu yanafanya kazi kiasi gani.

Kuhusu TB, omba makohozi yapimwe hata kama picha imeshasema silikosisi. Mwenye silikosisi hupata TB kirahisi zaidi, na unaweza kuwa na vyote viwili. Vilevile, kama umekunywa dawa za TB zaidi ya mara moja bila vijidudu kuonekana kwenye makohozi, muulize daktari waziwazi: "Je, inaweza kuwa vumbi?" Ukihitaji rufaa, taja Hospitali ya Kibong'oto wilayani Siha, iliyobobea kwenye TB, au KCMC, hospitali ya rufaa iliyoko Moshi.

Ukimaliza, dai nakala ya ripoti na picha yenyewe. Mwenye ajira rasmi atazihitaji akipeleka madai Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), na kila mmoja atazihitaji siku ya picha inayofuata.