Namna ya kuwasoma wanyama kwenye mawe ya Mexico ya kale

Riziki yangu iko kwenye patasi na mawe, kwa hiyo nikiingia ukumbi wa Wameksika, yaani Waazteki, katika Makumbusho ya Taifa ya Anthropolojia, Mexico City, siulizi kwanza huyu ni mnyama gani. Nawe usiulize. Wachongaji wale walichukua viungo vya wanyama mbalimbali wakaviunga upya. Ukimtafuta mnyama mzima utapotea.

Anza na ngozi. Madoa ya duara na masikio mafupi yaliyoviringana ni ya jagwa, paka mkubwa wa Amerika anayefanana sana na chui. Magamba na njuga mkiani ni za nyoka mwenye sumu kali. Nyoka aliyeota manyoya ni mungu, yuleyule ambaye vichwa vyake vimechomoza ukutani kwenye hekalu la Teotihuacan, mji wa kale ulio karibu na Mexico City, kila kimoja na kola ya manyoya shingoni. Pua iliyopinda kurudi nyuma? Huyo ni Xiuhcoatl, nyoka wa moto.

Sasa nenda kwa Coatlicue, sanamu ya mungu wa kike iliyofukuliwa mwaka 1790 katika uwanja mkuu wa jiji. Hapa usiharakishe. Simama mbele yake, kisha inua kiganja uzibe nusu ya uso. Utabaki na nyoka mmoja anayetazama pembeni. Ondoa kiganja: nyoka wawili wanaokabiliana wamekuwa uso mmoja. Shuka taratibu. Mikono ni vichwa vya nyoka, sketi ni nyoka waliosukwa, miguu ina makucha ya tai. Chini ya nyayo, pasipoonekana na mtu, wamechonga mungu wa ardhi. Kama fundi, hilo hunishangaza kuliko yote, maana mteja wangu hawezi kunilipa kwa upande uliolala chini.

Kwa Wameksika lakini upande huo ulikuwa na thamani yake. Katika Makumbusho ya Uingereza, London, yupo nyoka wa jiwe aliyejikunja. Tumboni mwake magamba yamechongwa kwa makini. Kwa hiyo ukiona kioo kimewekwa chini ya sanamu, inama.

Baada ya viungo, tazama mnyama anafanya nini. Jagwa mkubwa wa ukumbi wa Wameksika ana shimo mgongoni, nalo ni chombo cha kuwekea mioyo ya waliotolewa kafara. Kule Chichén Itzá, mji wa kale wa Wamaya, kuna jukwaa ambalo tai na jagwa wameshika mioyo makuchani. Ukiona moyo, usiendelee kuwaza habari za mwituni. Uko kwenye ibada.

Chichén Itzá nenda asubuhi au jioni. Jua la utosini hufuta kivuli, na mchongo usio na kina bila kivuli hausomeki. Beba penseli pia, uchore kiungo kimoja kimoja: jicho, chonge, ukucha. Mkono ukikwama mahali, pale ndipo mchongaji amebadilisha mnyama.