Kufunga upya mbele ya Datsun 240Z, kuanzia miguu hadi boneti

Bolti za bushi hazikazwi gari likiwa juu ya stendi. Naanza na hili kwa makusudi, kabla hata sijataja spana, maana 240Z nyingi zinazoletwa kwangu na malalamiko ya "mbele imekaa juu" au "bushi mpya zimekufa upesi" zina ugonjwa huu mmoja. Bushi ya mkono wa chini, yaani wa kile chuma kinachounganisha gurudumu na krosimemba, ni mpira ulioshikana na bomba mbili za chuma, moja ndani na moja nje. Ukikaza bolti, bomba la ndani linabanwa kwenye krosimemba, ile boriti ya chuma inayokatiza chini ya injini, na halizunguki tena. Kuanzia hapo, kila mkono unapopanda na kushuka, ni mpira wenyewe unaojinyonga. Sasa ukikaza mkono ukiwa unaning'inia, gari likishuka chini mpira unaanza maisha ukiwa tayari umenyongwa. Mpira huo utalisukuma gari juu kwa muda, halafu utachanika. Kwa hiyo nikisema "weka nati", maana yangu ni igusane na washa tu. Nikisema "kaza", kaza kweli, kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) na kwa kipimo cha kitabu cha gari.

240Z ilitengenezwa kati ya 1969 na 1973 ikiwa na injini ya L24, silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. Miguu yake ya mbele ni rahisi kueleweka: kila upande kuna shokapu ya aina ya MacPherson iliyovaa springi, mkono mmoja wa chini, na tensheni rodi inayotoka kwenye mkono na kurudi nyuma hadi kwenye chesisi. Stabilaiza inaunganisha pande mbili. Usidhani urahisi huo ni unyonge. Gari hili lilishinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1971 chini ya Edgar Herrmann na Hans Schüller, likarudia 1973 chini ya Shekhar Mehta na Lofty Drews. Ila kuna jambo moja linalokuja na urahisi huo: kiwandani hawakuacha nafasi ya kurekebisha kemba (gurudumu kuinamia ndani au nje kwa juu) wala kasta (mhimili wa kugeuzia gurudumu kuinamia mbele au nyuma). Unachoweza kurekebisha kwenye alaimenti ni magurudumu kuelekea ndani au nje, basi. Kwa hiyo krosimemba iliyopinda au chesisi iliyowahi kugongwa haitaponywa na mashine yoyote ya alaimenti. Pima kona kwa kona kabla hujapaka rangi, si baada ya kufunga.

Stendi zikae chini ya chesisi za mbele, pale zilipo imara, na kipande cha ubao katikati. Zisikae chini ya sakafu, kwa sababu bati la sakafu la gari hili ni jembamba na kutu hulipenda. Kama injini imo, ishikwe na winchi au jeki ya pili kabla hujagusa krosimemba, maana mounti za injini zimekaa juu ya hiyo hiyo krosimemba.

Panga vitu mezani kwa upande, kulia na kushoto, usivichanganye. Kijana wangu wa gereji hunicheka kwa vimfuko vyangu vya nailoni vilivyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito, lakini huja kuviulizia yeye mwenyewe bolti ikipotea.

Anza na krosimemba. Ipandishe kwa jeki, ingiza bolti zote kwa mkono, na hakikisha kila moja imeingia nyuzi kadhaa kabla hujashika spana. Hizi za krosimemba kwenye chesisi unaweza kuzikaza sasa hivi, kwa sababu hazina mpira wa kunyonga. Reki ya usukani ifuate, ikiwa na mipira yake mipya. Ile ya zamani huwa imelainika kwa mafuta ya injini, na usukani unaotembea kabla magurudumu hayajaitika mara nyingi shida yake iko hapo, si kwenye reki yenyewe. Kabla hujaiunganisha na mti wa usukani, tafuta katikati yake: zungusha hadi mwisho wa upande mmoja, hesabu mizunguko hadi mwisho wa pili, rudi nusu. Usukani nao uwe umenyooka. Hapo ndipo unaunganisha.

Mikono ya chini sasa. Bushi mpya isukumwe kwa presi au kwa vaisi na soketi mbili, ikibonyezwa kwenye bomba lake la nje tu. Ukiipiga nyundo katikati utaharibu mpira kabla gari halijasogea hata hatua. Ingiza mkono kwenye krosimemba, pitisha bolti, weka nati. Acha.

Tensheni rodi ndiyo sehemu ninayobishana nayo sana na wateja. Mwisho wake wa nyuma hupita kwenye tundu la chesisi ukiwa na bushi mbili, moja mbele ya tundu na moja nyuma, zimebanwa na washa kubwa. Watu hununua seti nzima ya bushi za poliyurethani, ngumu na zenye rangi nzuri, wakaziweka pande zote mbili. Fikiria kinachotokea: mkono ukipanda na kushuka, rodi inahitaji kuyumba kidogo pale kwenye tundu. Bushi mbili ngumu haziiruhusu. Badala ya bushi kukunjika, inakunjika rodi, kidogo kidogo, mahali pale pale karibu na nyuzi, na chuma kinachokunjwa hivyo mwisho hukatika. Rodi ikikatika ukiwa unafunga breki, gurudumu linarudi nyuma kwenye fenda na usukani hauna tena la kusema. Mimi naweka poliyurethani mbele ya tundu, ambako breki husukuma, na mpira wa kawaida nyuma yake. Mtu akitaka mpira pande zote mbili sina ubishi naye. Akitaka ngumu pande zote mbili, atafute fundi mwingine.

Shokapu inafungwa mezani, na hapa ndipo pa kuogopa. Springi iliyobanwa inaweza kuvunja mfupa. Tumia vibano viwili vinavyotazamana, ukivikaza kwa zamu, kidogo huku na kidogo kule, ili springi isipinde kama ndizi. Usisimame usawa wa mwisho wake, na usitumie mashine ya upepo kwenye vibano.

Ndani ya bomba la shokapu, safisha mafuta ya zamani yote. Kama unaweka katriji, yaani shokapu iliyofungwa tayari ya kuingizwa ndani ya bomba, mimina mafuta kidogo kwenye bomba kabla ya kuiingiza. Kazi yake ni kupeleka joto la katriji kwenye bomba la nje, kwa hiyo yasiwe mengi ya kufurika katriji ikiingia. Kaza nati kubwa ya juu. Kisha mpira wa kuzuia kugonga, kifuniko cha vumbi, springi, kikalio cha juu, beringi, na mounti. Mounti za mbele zina beringi kwa sababu shokapu inazunguka na usukani. Za nyuma hazina, na kwa macho ya haraka zinafanana, kwa hiyo zitenge mapema. Mwisho wa waya wa springi lazima ukae kwenye hatua yake katika kikalio cha chini. Uguse kwa kidole uhakikishe. Usiamini macho.

Nati ya juu ya shokapu hukazwa wakati ule mti wake unataka kuzunguka nayo. Ushike kule juu kwenye sehemu iliyotengenezwa kwa ajili ya kushikwa. Ukiushika kwa plaizi kwenye ule mwili unaong'aa, utaacha mikwaruzo isiyoonekana kwa urahisi, na kila shokapu inapopanda mikwaruzo hiyo itakata sili. Baada ya muda mfupi utaona mafuta yakitiririka kwenye shokapu mpya na utamlaumu aliyekuuzia.

Pandisha shokapu, weka nati zake tatu juu ndani ya chumba cha injini, kisha shughulika na chini. Mkono wa usukani, lile pande la chuma linalobeba shimo la boljointi (kiungo kinachoushika mkono wa chini) na shimo la tairodi (rodi inayotoka kwenye reki), una upande wake: wa kulia hauingii kushoto. Boljointi ina shingo iliyochongoka. Isafishe, ifute iwe kavu kabisa, isiwe na grisi, kwa sababu kinachoishikilia ni msuguano wa chuma kwa chuma. Kaza nati yenye mapengo kwa kipimo, halafu tafuta tundu la kotapini, ile pini inayozuia nati isilegee. Likiwa halijalingana, endelea kukaza mpaka pengo linalofuata. Hulegezi nati ya boljointi ili kupata tundu, hata kidogo.

Diski ya breki ya 240Z inafungwa nyuma ya habu (kitovu cha gurudumu) kwa bolti nne, kwa hiyo lazima iungane na habu kabla habu haijapanda garini. Beringi ni mbili, kubwa ndani na ndogo nje. Grisi isipakwe juu juu: weka donge kwenye kiganja, kandamiza ukingo mpana wa beringi humo mpaka grisi itokee upande wa pili kati ya rola, zungusha, rudia. Ukishaivisha habu, kaza nati huku ukiizungusha habu kwa mkono pande zote mbili, kisha ilegeze kama kitabu kinavyosema. Ukimaliza, habu izunguke laini bila kukwaruza na isiwe na mtikisiko unaoshikika. Kotapini mpya kila mara.

Kalipa, yaani vibano vya breki vinavyoshika diski, zikiingia upande usio wake, utajua kwa jicho moja: nipeli ya kutolea hewa itakuwa chini. Hewa hukaa juu, kwa hiyo utapampu breki mpaka mguu uchoke na pedali itabaki laini. Hosi za breki zikishafungwa, zungusha usukani mwisho huku na mwisho kule, na uangalie kama hosi inanyongwa au inagusa shokapu.

Tairodi hufungwa kwa idadi ya nyuzi uliyoiandika wakati wa kufungua. Stabilaiza weka tu, usikaze.

Sasa funga magurudumu na ushushe gari. Nati za magurudumu ni kama Nm 80. Lisukume mbele na nyuma mita chache, kwa sababu gurudumu lililoshuka kutoka kwenye jeki huwa limejivuta ndani na halitaachia bila kuviringika. Bonyeza mbele mara kadhaa kwa mikono. Kisha lipandishe kwenye rampu za chuma (miteremko ya kupandishia gari), magurudumu yakiwa yamebeba uzito, zuia ya nyuma, ingia chini na ukaze vyote ulivyoviacha: bolti za mikono ya chini, nati za tensheni rodi, bushi za stabilaiza. Na nati tatu za juu ya kila shokapu.

Bodi inakuja baadaye, na ina mpangilio wake. Fenda zinaanzia mlangoni, siyo kwenye taa. Funga fenda kwa bolti zilizolegea, linganisha nafasi yake na mlango na chini ya kioo, kaza bolti za nyuma kwanza, ndipo uje mbele. Ukianza mbele, kasoro zote utazisukuma hadi mlangoni, mahali ambapo hapana nafasi ya kuzificha.

Wakati mbele bado iko wazi, shughulikia nyaya za taa. Katika gari hili umeme wote wa taa kubwa hupita kwenye swichi ya usukani, na swichi hizo huungua. Rilei mbili (swichi za umeme zinazobeba mzigo badala ya swichi ya usukani) zilizojificha pembeni humaliza tatizo na taa huwaka zaidi. Pale waya wa ethi unapofungwa, kwangua rangi mpya mpaka chuma kionekane, halafu upake grisi kidogo juu yake. Mteja aliyelipia rangi hapendi kuona hivyo, lakini taa haziwaki kupitia rangi.

Boneti ina bawaba zake mbele na hufunguka kutoka upande wa kioo, kwa hiyo kitasa chake kiko nyuma, mahali pabaya pa kufikika ikiwa kebo itakatika. Kabla ya kuifunga mara ya kwanza, mwombe mtu avute kebo huku wewe unaangalia kitasa kikisogea. Kisha funga waya mwembamba kwenye ulimi wa kitasa na uuteremshe chini ya gari mahali unapoweza kuushika. Uache hapo siku zote. Ishushe boneti polepole kwa mikono, uone kama pini inaingia katikati ya tundu, na urekebishe pini, si bawaba, mpaka iingie bila kupigwa.

Alaimenti ya nyumbani kwa uzi na rula inatosha kukufikisha kwenye mashine. Baada ya kilomita mia mbili hivi rudi chini na toki renchi. Kama gari linakwenda sawa lakini usukani umekaa kiupande, usiung'oe uurudishe kwenye jino lingine la mti wake. Zungusha tairodi zote mbili kwa kiasi kile kile, moja ikirefuka na nyingine ikifupika, mpaka unyooke, kisha kaza nati zake za kufunga.