Kutumia Dawa za Fangasi kwa Usalama

Dawa za fangasi hununuliwa kwa urahisi sana katika maduka yetu ya dawa, mara nyingi mteja akionyesha tu mkono wake au kueleza muwasho kwa sauti ya chini, na urahisi huo ndio unaofanya nyingi zitumike mahali pasipo na fangasi kabisa. Pumu ya ngozi nayo huwasha na kutoa magamba. Uchafu ukeni unaweza kuletwa na bakteria au na trikomonasi, kimelea kinachoambukizwa kwa ngono, na baka lililopauka ambalo halina hisia likiguswa linaweza kuwa ukoma, ugonjwa unaotibika vizuri ukiwahiwa. Choa chenyewe, yaani fangasi wa ngozi ya mwili, kwa kawaida ni duara lenye ukingo ulioinuka na wenye magamba, huku katikati pakianza kuwa safi. Penye shaka, omba kipimo: mtaalamu wa maabara hukwangua magamba kidogo, huyadondoshea kemikali iitwayo potasiamu haidroksaidi na kuyatazama kwa darubini, kazi isiyohitaji mashine kubwa wala kuchoma sindano.

Jambo linaloumiza watu wengi zaidi ni krimu za mchanganyiko, zile ambazo ndani ya tyubu moja zimewekwa dawa ya fangasi, antibiotiki na steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho. Hupendwa kwa sababu muwasho hutulia haraka, pengine usiku uleule, na mtumiaji huamini kwamba amepata dawa kali. Kumbe steroidi imetuliza tu mapambano ya mwili dhidi ya fangasi, nao wanaendelea kuenea katika ngozi inayoonekana kupoa. Baada ya wiki kadhaa ukingo wa choa hupotea, baka hutanuka bila mpaka unaoeleweka, vipele vidogo hutokeza, na hata daktari mzoefu anaweza kushindwa kulitambua kwa macho. Kwenye mapaja, kinena na kwapa, ambako ngozi ni laini na hunyonya dawa kwa wingi, ngozi hukonda na kuacha michirizi isiyofutika. Kwa hiyo geuza boksi usome viambato kabla ya kulipa: ukikuta betamethasone, clobetasol au dexamethasone, hiyo ni steroidi, na haipaswi kupakwa kwenye fangasi bila maelekezo ya daktari. (Majina nimeyaandika kama yanavyochapwa kwenye boksi ili msomaji ayatambue.) Mimi naona krimu hizi hazistahili kabisa kuuzwa bila cheti. Aliyekwisha kuitumia kwa muda mrefu anaweza kuona ngozi ikiwaka akiiacha. Amwone daktari na aende na tyubu yenyewe.

Kwa choa cha mwilini au fangasi wa vidoleni, krimu yenye dawa moja hutosha. Osha sehemu hiyo, ikaushe vizuri hasa katikati ya vidole, kisha paka safu nyembamba inayovuka ukingo wa baka kwa takriban sentimita 2, kwa sababu fangasi huwa wamekwisha kusogea mbele ya pale unapopaona. Clotrimazole ya asilimia 1 hupakwa mara 2 au 3 kwa siku, na huendelezwa kwa wiki 2 hivi baada ya ngozi kuonekana imepona. Wengi huacha siku muwasho unapokoma, ndiyo maana hurudi palepale. Terbinafine huhitaji muda mfupi zaidi, kwa kawaida wiki 1 hadi 2. Nawa mikono ukimaliza, na taulo iwe ya mtu mmoja.

Mapunye ya kichwani kwa watoto hayaponi kwa krimu peke yake, kwa kuwa fangasi wamejikita ndani ya nywele na mizizi yake. Hapa panahitajika dawa ya kumeza, nayo hupimwa kwa uzito wa mtoto. Griseofulvin hunyonywa vizuri ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta, kwa wiki 6 hadi 8 au zaidi, na si haki kumkatizia mtoto dozi kwa sababu nywele zimeanza kuota. Mjamzito haruhusiwi kuitumia, na mtu mzima anayeimeza aepuke pombe.

Vidonge vya fangasi vinadai uangalifu zaidi kwa sababu hupita katika ini na kugongana na dawa nyingine. Fluconazole huongeza nguvu ya warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, hadi mtu akavuja damu, na inaweza kushusha sukari kupita kiasi kwa anayetumia glibenclamide, dawa ya kisukari. Rifampicin ya kifua kikuu, kwa upande wake, hupunguza nguvu ya fluconazole. Mtajie mfamasia kila unachomeza, dawa za asili zikiwemo. Ketoconazole ya vidonge usiikubali kwa fangasi wa ngozi au kucha: tangu mwaka 2013 mamlaka za dawa za Marekani na Ulaya zimeibana vikali kwa sababu ya madhara yake kwenye ini.

Mjamzito mwenye fangasi ukeni asimeze fluconazole kwa uamuzi wake. Clotrimazole ya kuingiza ukeni ndiyo huchaguliwa kwa kawaida, naye asaidiwe na mhudumu wa kliniki. Dawa hizi za ukeni zinaweza kudhoofisha kondomu za mpira. Fangasi wakirudi mara kwa mara, au utando mweupe ukitanda mdomoni mwa mtu mzima, pima sukari na VVU badala ya kununua dozi nyingine, na maumivu wakati wa kumeza ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Wakati wa kutumia vidonge, angalia macho yakigeuka manjano, mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, hamu ya kula ikipotea au kichefuchefu kikizidi. Malengelenge, vidonda mdomoni, au uvimbe wa midomo na uso ni dharura. Ukiona mojawapo, acha dawa na uende kituo cha afya ukiwa na boksi lake, ukamweleze mhudumu siku uliyoanza na idadi ya vidonge ulivyokwisha kumeza.