Kupanga Ajenda ya Kazi Katika Emacs kwa Kutumia org-super-agenda

GNU Emacs ni kihariri cha maandishi ambacho mtumiaji anaweza kukibadilisha karibu kila sehemu, na Org, iliyoanzishwa na Carsten Dominik mwaka 2003, ndiyo sehemu yake inayoshughulikia madokezo, kazi na tarehe. Org huja pamoja na Emacs, na ajenda yake hukusanya kazi kutoka katika faili nyingi na kuzionyesha katika ukurasa mmoja. Kazi zinapoongezeka, ukurasa huo hurefuka hadi jambo la haraka likafunikwa na yasiyo na haraka, na hapo ndipo kiendelezi cha org-super-agenda kinapofaa, kwa kuwa huzigawa kazi hizo katika makundi yenye vichwa. Hata hivyo, ninasisitiza kwamba ajenda ya kawaida itangulie kufanya kazi sawasawa, maana kiendelezi hiki hupanga tu kile kilichokwisha kuandikwa, na tarehe zilizowekwa ovyo zitabaki ovyo hata zikipewa vichwa vizuri.

Fungua faili yako ya mipangilio, ambayo kwa kawaida ni `~/.emacs.d/init.el`, kisha uandike mistari hii:

```
(setq org-agenda-files '("~/kazi/"))
(global-set-key (kbd "C-c a") #'org-agenda)
(setq org-todo-keywords
      '((sequence "FANYA" "NGOJA" "|" "TAYARI")))
```

Mstari wa kwanza huiambia Org isome kila faili yenye mwisho wa `.org` iliyomo katika folda ya kazi, lakini haitaingia katika folda zilizo ndani ya folda hiyo. Wa pili unaipa ajenda vitufe vyake. Katika maelezo ya Emacs, C ni kitufe cha Control na M ni Alt. Mpangilio wa tatu unataja hali za kazi, na alama ya mstari wima hutenganisha hali ambazo bado zinadai kushughulikiwa na ile inayomaanisha kwamba kazi imekwisha. Ukibadilisha maneno haya wakati faili ya kazi iko wazi, tumia amri ya `M-x org-mode-restart` ndani ya faili hiyo ili yatambuliwe.

Sehemu inayostahili uangalifu mkubwa zaidi ni tarehe, kwa sababu Org ina aina tatu ambazo watu wengi huzichanganya. Tarehe inayowekwa kwa `C-c C-s` huandikwa SCHEDULED, nayo ni siku unayokusudia kuanza kazi: kazi huonekana siku hiyo, na isipokamilika huendelea kuonekana katika ajenda ya leo kila siku. Ile inayowekwa kwa `C-c C-d` huandikwa DEADLINE, nayo ni siku ya mwisho ya kukamilisha kazi. Org huanza kukuonya siku 14 kabla, isipokuwa umebadilisha `org-deadline-warning-days`. Ya tatu ni tarehe tupu, inayowekwa kwa `C-c .`, ambayo huonekana siku yake tu. Mkutano unastahili tarehe tupu, kwa kuwa ukiuwekea SCHEDULED utaendelea kukufuata kama deni hata baada ya kufanyika.

Ukishaona kwamba `C-c a a` inaonyesha wiki yako bila kasoro, ongeza hazina ya MELPA katika mipangilio, kwa kuwa humo ndimo kiendelezi kinamopatikana:

```
(require 'package)
(add-to-list 'package-archives
             '("melpa" . "https://melpa.org/packages/") t)
(package-initialize)
```

Funga Emacs na kuifungua tena, tumia `M-x package-refresh-contents`, kisha `M-x package-install`, na uandike jina la org-super-agenda. Usakinishaji ukikamilika, weka makundi yako chini ya mistari hiyo:

```
(setq org-super-agenda-groups
      '((:name "Zinasubiri wengine" :todo "NGOJA" :order 100)
        (:name "Saa kwa saa" :time-grid t)
        (:name "Zimepitwa na muda" :deadline past)
        (:name "Za leo" :deadline today :scheduled today)))
(setq org-super-agenda-unmatched-name "Nyinginezo")
(org-super-agenda-mode 1)
```

Msomaji anaweza kushangaa kwa nini kundi la kazi zinazosubiri limetangulia ilhali ndilo lisilo na haraka. Kila kazi huchukuliwa na kundi la kwanza linaloifaa, kwa mfuatano ulioandikwa, na ikishachukuliwa haionekani tena katika kundi jingine. Kama kundi la NGOJA lingekuwa la mwisho, kazi inayosubiri jibu la mtu mwingine lakini yenye tarehe ya leo ingenaswa na kundi la leo, nawe ungeisoma kana kwamba unaweza kuifanya. Mfuatano wa kuonekana ni jambo tofauti, nao unaamuliwa na `:order`: kazi zisizofaa kundi lolote hukaa nafasi ya 99, kwa hiyo namba 100 inalishusha kundi la NGOJA hadi chini kabisa.

Sharti zaidi ya moja ndani ya kundi moja husomwa kwa maana ya "au", hivyo kundi la leo linapokea kazi yenye tarehe yoyote kati ya hizo mbili; ukitaka masharti yote yatimie kwa pamoja, yafunge ndani ya `:and`. Ningeshauri uanze na makundi haya manne na kuongeza jingine pale tu sehemu ya "Nyinginezo" inapojaa kazi za namna moja. Kazi zenye lebo, kwa mfano, hukusanywa kwa `:tag`, na zenye kipaumbele cha juu kwa `:priority "A"`.

Ndani ya ajenda, bonyeza `t` kubadilisha hali ya kazi na `g` kuusoma ukurasa upya. Kazi zilizokamilika hubaki zikionekana katika tarehe zake, na kama zinakuzuia kuona zilizobaki, ziondoe kwa mistari hii miwili:

```
(setq org-agenda-skip-scheduled-if-done t)
(setq org-agenda-skip-deadline-if-done t)
```