Somo: Kuchambua korali ya Bach, mstari mmoja baada ya mwingine

Mwanakwaya akitaka kujifunza kuchambua korali, yaani wimbo wa ibada wa Kilutheri, mimi humwanzisha na sehemu ya nne ya kantata namba 140 (kantata ni utungo wa sehemu kadhaa wa waimbaji na vyombo) ya mtunzi Mjerumani Johann Sebastian Bach. Iliimbwa mara ya kwanza Leipzig tarehe 25 Novemba 1731, Jumapili ya 27 baada ya Utatu, ambayo hupatikana tu mwaka ambao Pasaka imewahi sana. Injili ya siku hiyo ni wanawali kumi, Mathayo 25.

Hatua ya 1. Anza na wimbo, Bach asubiri. Maneno na tuni ni vya mchungaji Philipp Nicolai, vilichapishwa 1599. Weka Do = Eb (E flat), uimbe: d m s s s s l s, yaani do mi so so so so la so. Hizo d m s ni baragumu kabisa la mlinzi anayewaamsha watu.

Hatua ya 2. Gawa ubeti. Mishororo mitatu, kisha tuni ileile kwa mitatu mingine, halafu sehemu mpya. Mshororo wa mwisho unateremka kama ule uliofunga sehemu ya kwanza. Tia alama kwa penseli.

Hatua ya 3. Sasa mwache tenor (sauti ya juu ya wanaume) anayeimba korali, sikiliza nyuzi, yaani vyombo vya nyuzi. Fidla zote na viola (fidla kubwa kidogo, ya sauti ya chini zaidi) zinapiga mstari mmoja, chini yake kuna besi tu. Kaa hapa muda mrefu. Kwa mizani 12 (vipande vya mapigo kati ya mistari ya wima ya nota) unapewa tuni ambayo haimo katika wimbo wa Nicolai, yenye mwendo wa madaha, kama watu wanaomsindikiza bwana arusi. Irudie mpaka uweze kuiimba bila maneno.

Hatua ya 4. Mrudishe tenor. Anaingia na noti ndefu, na nyuzi hazimpishi. Andika mahali anapopumzika yeye huku nyuzi zikiendelea, na mahali zinapofunga nyuzi yeye akiwa katikati ya mshororo. Uzuri wote umo hapo. Maneno yanasema Sayuni amewasikia walinzi, anaamka upesi. Nami nasikia kwamba anayengojewa alikuwa njiani tangu mzani wa kwanza.

Maswali ya wanakwaya

Mwalimu, mbona tenor akiingia anasikika kama amekosea?
Kwa sababu sikio lako limeshashika nyuzi. Imba korali peke yako huku mwenzako akipiga mstari wa fidla, mara tano au sita. Utazoea.

Shikamoo mwalimu. Sisi tuna kinanda tu, hatuna fidla.
Marahaba. Bach mwenyewe aliihamishia kwenye kinanda cha kanisa, ikachapishwa karibu na 1748: mkono wa kulia unapiga nyuzi, wa kushoto korali, miguu besi. Kama kinanda chenu hakina pedali, mwacheni mpigaji apige fidla na besi, korali muimbe ninyi.

Aimbe tenor mmoja au wote?
Wapo wanaompa mmoja, wapo wanaowapa wote. Kwa kujifunza, imbeni wote, kwa sauti ya chini kuliko kinanda.