Si dhahabu wala si konokono

Mimi ni mkata mawe hapa Arusha, riziki yangu tanzanaiti. Pairaiti, madini yenye rangi kama dhahabu, kwetu ni takataka inayong'aa, inakuja imeng'ang'ania jiwe kutoka Mererani. Kwa hiyo mdogo wangu aliporudi kutoka Uingereza na kopo la amonaiti, visukuku vya viumbe wa bahari wenye ganda lililoviringika, zilizogeuka pairaiti, za ufukwe wa Charmouth, nilizidharau. Mpaka nilipotia moja chini ya lenzi.

Huko hawachimbi. Genge la udongo huporomoka, bahari inausomba udongo, vizito vinabaki. Pairaiti ina uzito kama mara 5 ya maji, kwa hiyo tafuta maji yakishakupwa, kwenye changarawe, pale inapojikusanya misumari yenye kutu. Piga magoti, nyingi hazizidi sarafu, ukisimama wima unazipita. Na usikae chini ya genge.

Kijana mmoja dalali alinikuta nikichambua.

"Shikamoo mama. Hiyo dhahabu unauza?"

"Marahaba. Lete kigae."

Nikasugua jiwe upande wa nyuma wa kigae, ule usiong'aa. Dhahabu huacha mstari wa njano. Hii iliacha mweusi wenye ukijani. Akaondoka.

Wengine husema ni konokono. Hapana, ni jamaa wa pweza na ngisi, wa miaka kama milioni 190 iliyopita. Ganda la konokono ni wazi mpaka ndani. Hili lina vyumba. Zungusha jiwe kwenye mwanga utafute mishono, mahali kuta za vyumba zilipogusa ganda. Ya amonaiti imejikunjakunja kama ukingo wa jani la mchicha lililoliwa na wadudu. Ya nautilasi, jamaa yake aliye hai mpaka leo, ni mkunjo mmoja mpole. Halafu tazama umbo: mizunguko yote inaonekana kama kamba iliyoviringishwa, na mbavu nene? Huenda ni aina iitwayo Echioceras. Bapa, ukingo mkali kama kisu? Fikiria Oxynoticeras. Safu mbili za vinundu, Crucilobiceras. Ikiwa imelika, andika "amonaiti" tu uishie hapo.

Kopo la kwanza nililiua mwenyewe. Nilizifunga kwa pamba ndani ya mfuko wa nailoni, nikazisahau droo ya chini masika nzima. Nilipofungua, harufu ya kiberiti, unga mweupe, na karatasi ya majina imeliwa matundu. Pairaiti ni chuma na salfa. Ikipata hewa na unyevu inatoa asidi, inajila yenyewe.

Sasa nafanya hivi: maji baridi yasiyo na chumvi, mswaki laini, kisha naichovya kwenye spiriti ifukuze maji, naiacha ikauke kabisa. Naiweka kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha kubana, pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja kwenye boksi la viatu vipya. Vanishi usipake kabla haijakauka, utafungia unyevu ndani. Ukiona unga kwenye moja, itenge siku hiyohiyo. Jina la ufukwe na tarehe naandika kwa penseli, nabandika nje ya chupa.