Kuondoa matangazo kwenye rekodi ya TV bila kuenkodi upya

Kama king'amuzi chako kinarekodi kwenye flashi faili la .ts (aina ya faili la video ya TV) lisilofungwa kwa msimbo, usilienkodi lote upya, yaani kuibana video nzima tena, kwa ajili ya kutoa matangazo tu. Utasubiri mno na ubora utashuka bure. Lifungue kwenye Avidemux, programu ya kompyuta ya kukata video, acha Video Output na Audio Output zote kwenye Copy (kunakili bila kubadilisha), kisha chagua MKV Muxer, ili faili jipya liwe la aina ya MKV.

Kazi yenyewe iko kwenye mahali pa kukata. Video ni mfululizo wa picha ziitwazo fremu, za aina tatu: I, P na B. Fremu ya I hubeba picha nzima. Zile za P na B huhifadhi mabadiliko tu, zikitegemea jirani zake. Weka alama A (mwanzo wa kipande cha kufuta) tangazo linapoanza. Halafu tumia mishale ya juu na chini ya kibodi, inayoruka kutoka fremu ya I moja hadi nyingine, uweke alama B (mwisho wa kipande hicho) kipindi kinaporejea. Aina ya fremu imeandikwa chini ya dirisha. Bonyeza Delete. Alama B ikiangukia fremu ya P, picha itavunjika miraba miraba hadi fremu ya I inayofuata. Kama hakuna fremu ya I pale pale kipindi kinaporejea, chagua iliyo kabla yake: afadhali ubakize kipande cha tangazo kuliko kumeza neno la kwanza la mtangazaji.

Tazama kila kiungio, yaani mahali ulipokata, kabla ya kufuta faili la awali, hasa kwa video iliyobanwa kwa mfumo wa H.264.